Ahadi ya Sanamu ya Askari na Deni la Masasi na Newala

Katikati ya Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Azikiwe, askari wa shaba amesimama kwenye kiplefti tangu mwaka 1927, bunduki mkononi, singe imetangulia, uso ameuelekeza bandarini. Watu humtumia kuelekezana njia, wengi bila kusoma kilichochongwa chini yake. Maandishi yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza ambaye mwanawe wa pekee aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915, akiwa kijana wa miaka 18. Lakini zunguka msingi wote wa sanamu ile ukitafuta jina la marehemu mmoja tu, hutaliona. Sanamu inaahidi jina, yenyewe haina jina hata moja. Pengo hilo lina historia yake, na ukiifuata utafika mbali na Samora, hadi Masasi na Newala, ambako vita ile ilimalizia safari yake katika ardhi ya Tanganyika. Makala haya yanadai kwamba Tanzania huru ilikwisha kupata njia iliyo bora kuliko ya wakoloni ya kuwaenzi vijana wake waliokufa vitani, yaani kuwaweka karibu na walikofia na kuandika majina yao. Kilichobaki ni kuwatendea hivyo hivyo wale wa uwanda wa Makonde.

Tuanze na sanamu yenyewe, kwa sababu haikuwa ya kwanza mjini humo. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yao kuuvunja upinzani wa pwani mwishoni mwa miaka ya 1880. Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake akawekwa askari Mwafrika akifunika simba kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliing'oa, wakaipeleka London. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa waliiona ni sifa kwa ukoloni. Waingereza nao walimpa kazi mchongaji James Alexander Stevenson, naye akafinyanga askari wa peke yake, asiye na Mzungu juu yake. Nairobi na Mombasa zilipata sanamu za ukoo huo huo miaka hiyo hiyo. Ni haki kukiri kwamba ilikuwa hatua: katika muda wa miaka 18 Mwafrika alitoka kwenye nyayo za Wissmann akapanda juu ya jiwe. Ila tusisahau nani alilipa na nani alichagua. Serikali ya kikoloni ilitaka picha ya askari mtiifu, imara, asiyejulikana kwao wala ukoo wake. Askari wa namna hiyo anaweza kuwa yeyote, na kwa hiyo hamdai mtu chochote.

Anayekosekana zaidi juu ya jiwe lile ni mpagazi. Vita ya Afrika Mashariki haikupiganwa kwa magari wala kwa farasi, maana mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu, na barabara zilikuwa chache. Kila risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha mgonjwa kilikwenda kichwani au begani mwa mtu. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Mpagazi hubeba mzigo wa kilo 20 na ushei, na mwenyewe anahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, atakuwa amekula karibu mzigo mzima aliotumwa kuupeleka. Jeshi likisogea mbali na bandari, basi, idadi ya wabebaji haina budi kuongezeka maradufu, na chakula chao ndicho cha kwanza kupunguzwa. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja katika vita ile yote, na waliokufa walikaribia au kupita 100,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliondoka kwa kuhara damu, kichomi, malaria na njaa. Watu wa bara waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva vizuri, matumbo yao yakashindwa. Mwaka 1917, serikali ya kikoloni iliyotawala Kenya ilipoanzisha msako mkubwa wa kuandikisha watu kwa nguvu, lengo lilikuwa kupata mabega ya kulisukuma jeshi kusini, kutoka Kilwa na Lindi kuelekea bonde la Ruvuma. Kambi ya jeshi hilo la wabebaji, lililoitwa Carrier Corps, ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo. Kwa maneno mengine, kumbukumbu kubwa kuliko zote ya wapagazi nchini ni jina la soko, na wanaolitamka kila siku hawalijui kuwa ni jina la marehemu.

Sasa twende kusini. Newala ilionja vita hiyo kabla ya wengi. Mwaka 1916 Ureno, iliyokuwa ikitawala Msumbiji, ilivusha jeshi mto Ruvuma mwezi Septemba, na mwishoni mwa Oktoba ikaiteka boma ya Newala. Haikukaa hata wiki tano. Wajerumani walirudi na kuizingira boma tarehe 22 Novemba, wakaikatia maji. Kila aliyekulia Newala anaelewa maana yake: juu ya uwanda maji hayapatikani karibu, chemchemi ziko chini ya mteremko, na anayeishika chemchemi ameushika mji. Usiku wa tarehe 28 Novemba Wareno waliiacha boma wakakimbilia Ruvuma. Mwaka uliofuata vita ikarudi kwa kishindo. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 majeshi mawili yalikabiliana Mahiwa na Nyangao, kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi, bombomu zikiwa umbali wa hatua chache kutoka mitaro ya upande wa pili. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa, Wajerumani mamia kadhaa kutoka jeshi dogo zaidi. Lakini tukisema Waingereza na Wajerumani tunajidanganya. Waliokuwa mitaroni kwa sehemu kubwa walikuwa vijana wa Nigeria, askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki na Nyasaland, Wahindi, na kwa upande wa pili askari Wanyamwezi, Wasukuma, Wangoni, Wayao na wengineo. Vijana waliozaliwa maelfu ya kilomita kutoka Lindi walikufa wakipigana na vijana wa Tabora kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya ambao hakuna kati yao aliyewahi kuwaona.

Baada ya Mahiwa, jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma kupanda uwanda. Ndanda, Masasi, Lukuledi, Chiwata, Nambindinga, Kitangari, Newala: hayo ndiyo majina ya majuma yake ya mwisho katika nchi hii. Katikati ya Novemba 1917 aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, Wazungu na Waafrika, akachagua wenye nguvu za kutembea. Tarehe 21 mwezi huo huo, chombo cha anga kikubwa kilichojazwa gesi, L59, kilipaa kutoka Bulgaria kikiwa kimesheheni dawa na risasi, na mahali kilipoagizwa kuja kutua ni uwanda wa Makonde. Kilipofika anga ya Sudan kikaitwa kirudi, kikawa kimezunguka karibu kilomita 6,800 bila kutua. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma hadi Ngomano akiwa na Wajerumani takribani 300 na askari wapatao 1,700, bila kuhesabu wapagazi, wanawake na watoto. Siku chache baadaye kikosi cha Theodor Tafel, kilichotoka Mahenge kikimtafuta bila kumpata, kilijisalimisha kwa njaa karibu na mto huo. Kwa Tanganyika, vita ile kubwa ilikuwa imefikia ukingo. Vitabu vya Ulaya vimeandika sana juu ya ushujaa wa jenerali aliyevuka mto. Havijaandika sana juu ya uwanda aliouacha nyuma, uliolisha majeshi matatu katika miaka miwili, mihogo ikang'olewa shambani kabla ya wakati, na vijana wake wakachukuliwa kubeba mizigo ya kila aliyepita.

Swali la kujiuliza ni kwa nini uwanda huo haukupata mawe ya makaburi, ilhali jeshi la Uingereza lilikuwa na taasisi nzima iliyoundwa mwaka 1917 kwa kazi hiyo moja. Kanuni ya taasisi hiyo ilikuwa nzuri: kila aliyekufa atajwe kwa jina, bila kujali cheo. Askari Wazungu waliofia Tanganyika walipata jiwe na jina. Wapagazi na askari wengi Waafrika hawakupata, na haikuwa bahati mbaya. Nyaraka za mwanzoni mwa miaka ya 1920 zinaonyesha kwamba Gavana Horace Byatt wa Tanganyika aliona makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, naye alieleza mwaka 1923 kwamba Mwafrika wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Karibu miaka 100 ilipita. Mwezi Aprili 2021 taasisi hiyo hiyo, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Basi ukosefu wa majina kwenye Sanamu ya Askari una maelezo yake: sanamu moja mjini ilikuwa bei nafuu ya kulipia makaburi maelfu yaliyoachwa porini.

Hoja ya kina Guggisberg inastahili kujibiwa kwa ushahidi wa mahali penyewe, maana bado ina wafuasi wanaosema kwamba minara ni mambo ya Wazungu. Wayao na Wamakua, majirani wa Wamakonde katika Masasi na Newala, tangu zamani waliweka unga chini ya mti wa msoro wakiwaita waliotangulia, na kuwaita huko kulikuwa ni kuwataja mmoja mmoja. Katika koo za eneo hili jina la marehemu hurithiwa: mtoto au mpwa huvishwa jina la aliyekufa, na pamoja na jina hupewa heshima yake na wakati mwingine madaraka yake. Mtu anayekufa huku jina lake likabaki mdomoni mwa ukoo hajapotea. Aliyekufa njiani, asijulikane amelala wapi, asitajwe kwenye msoro na asirithiwe, huyo ndiye aliyepotea. Kwa watu wenye mila hiyo, kuambiwa kwamba hawajali makaburi ni kutukanwa. Walichokosa si hisia ya kumbukumbu. Walikosa habari: kijana aliondoka nyumbani na mzigo wa serikali kichwani, na serikali haikurudi kusema amezikwa wapi.

Yapo mapingamizi yenye uzito zaidi. La kwanza ni la wazalendo: watu wale walimtumikia mkoloni, na askari wa Wajerumani ndio waliochoma vijiji wakati wa vita ya Majimaji, miaka michache tu kabla ya hapo. Shujaa wa kweli, wanasema, ni yule aliyenyongwa Songea mwezi Februari 1906, na huyo ana makumbusho yake. Hoja hii ina ukweli ndani yake na haipaswi kufichwa. Kusini kuliumizwa na Majimaji na njaa iliyofuata, na Masasi yenyewe iliona misheni yake ikichomwa mwaka 1905. Lakini hoja hiyo inachanganya watu wawili. Askari wa kulipwa aliyetia saini kwa hiari na akapora vijiji ni mmoja, na historia imhukumu. Mpagazi aliyekamatwa na jumbe kwa amri ya serikali, akafungwa kamba na kutembezwa hadi afe, ni mwingine. Yeye ni mhanga wa ukoloni sawasawa na aliyenyongwa, tofauti ni kwamba kifo chake kilichukua miezi. Tena mnara si lazima uwe wa kusifu. Jiwe linaweza kusema tu kwamba watu hawa walikufa hapa, hawakuchagua vita hii, na nchi hii inawatambua kuwa wake. Tanzania huru yenyewe ilionyesha busara ya namna hii. Ilibadili jina la mtaa, ikaupa jina la Samora Machel, aliyewafundisha wapiganaji wa FRELIMO katika kambi ya Nachingwea, jirani na Masasi, lakini askari wa shaba haikumgusa. Mtaa wa mkombozi na sanamu ya mwanajeshi wa ukoloni vinakaa pamoja, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaosema kwamba kusini tayari kuna mnara. Ni kweli, na mnara huo ndio ushahidi mkubwa wa makala haya. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndiko walikolazwa askari wa JWTZ waliopoteza maisha Msumbiji, nchi ambayo Tanzania iliisaidia kujikomboa hadi uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, kisha ikapeleka majeshi kuilinda dhidi ya waasi wa RENAMO katika miaka ya 1980. Kaskazini magharibi, Kaboya wilayani Muleba, wamelazwa askari waliokufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na mnara mweupe umeandikwa majina yao. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kiongozi wa nchi huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, wengine wakafuata na sime, shoka, upinde na mishale, na shada la maua. Tazama tofauti ya tabia mbili. Mkoloni alijenga sanamu mjini, mbali na makaburi, bila majina. Tanzania ilijenga makaburi karibu na mpaka ambako damu ilimwagika, ikaweka kila kijana mahali pake. Hakuna sheria ya Kiingereza iliyotufundisha hivyo. Ni akili ya msoro: nenda mahali, taja jina. Kwa hiyo Naliendele haifungi mjadala wa uwanda wa Makonde, inaufungua. Kama kijana aliyekufa Zambezia, Msumbiji, miaka ya 1980 anastahili kaburi lenye jina, aliyekufa Chiwata mwaka 1917 amekosa nini zaidi ya kuzaliwa mapema?

La tatu ni la fedha, na ndilo linalosikika zaidi vijijini. Newala na Tandahimba bado zinahangaika na maji, ingawa mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za ukoloni. Zahanati zina mahitaji, shule zina mahitaji, na bei ya korosho hupanda mwaka huu ikashuka mwaka ujao. Mwenye ndoo kichwani ana haki ya kuuliza jiwe la nini. Jibu la kweli ni kwamba asije mtu akachagua jiwe badala ya bomba. Kinachopendekezwa hapa si shaba kutoka London. Ni bamba la jiwe katika viwanja vya halmashauri, vibao vya njiani Mahiwa, Chiwata, Nambindinga na kwenye boma ya Newala, na somo moja katika shule za wilaya hizo. Zambia imefanya jambo la namna hii kwenye mto Chambeshi, mahali Lettow-Vorbeck alipopata habari za kusitishwa vita mwezi Novemba 1918. Pale pana mnara unaotambuliwa na taifa na wageni hupita kuutazama. Isitoshe, kuacha nako kuna gharama yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, na vya baada ya hapo vinahitaji waziri avitangaze. Mahandaki ya 1917 yako nje ya kinga hiyo ya moja kwa moja. Shamba jipya la mikorosho au barabara mpya inaweza kuyafukia bila mtu kuvunja sheria, na yakishafukiwa hakuna bajeti itakayoyarudisha.

Pingamizi la nne ni gumu kuliko yote: hata tukitaka, majina tutayatoa wapi? Kwa wapagazi wengi orodha hazikuandikwa vizuri, na nyingi zilitupwa. Hata hivyo neno "haiwezekani" limekuwa likirudi nyuma. Nchini Kenya, kumbukumbu za askari na wapagazi ambazo zilidhaniwa zimepotea zimepatikana katika hifadhi za jeshi, zikatoa majina ya maelfu ya watu. Mjini Cape Town, mwezi Januari 2025, ulizinduliwa mnara wa Waafrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokuwa vibarua wa jeshi katika Vita Kuu hiyo, wakafia barani Afrika bila kaburi linalojulikana. Kila mmoja amepewa nguzo ya mti wa mvule iliyoandikwa jina lake na tarehe aliyokufa, na wengine kati yao walikufa hapa hapa Afrika Mashariki. Mvule huota Tanzania. Orodha zilizotafutwa kwa ajili ya Cape Town zingeweza kutafutwa kwa ajili ya Masasi, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, katika daftari za misheni za Masasi na Ndanda, na katika nyaraka za Ujerumani na Ureno. Pale ambapo jina la mtu limekosekana kabisa, yapo majina ya vijiji. Mnara unaoandika kwamba kutoka kijiji fulani walichukuliwa watu na hawakurudi unasema ukweli zaidi kuliko askari mmoja wa shaba anayesimama badala ya wote. Na kuna chanzo ambacho hakingoji hifadhi: majina yaliyorithiwa. Katika koo za uwanda huu wapo watu leo wanaoitwa kwa jina la babu wa babu aliyeondoka na mzigo. Kila mzee anayefariki bila kuulizwa anaondoka na sehemu ya orodha.

Atakayesoma hadi hapa anaweza kuona kwamba vita ile imepita zaidi ya miaka 100, na kwamba vijana wa leo wana wafu wao wa karibu. Wapo kweli. Tarehe 13 Julai 2013 Watanzania saba waliuawa Darfur wakilinda amani, na tarehe 7 Desemba 2017 zaidi ya 12 wakauawa kwenye kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo. Miili yao ilirudishwa nyumbani, majina yao yakasomwa hadharani, familia zikajua kaburi liko wapi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, na inatufaa kujua kwamba haikuwa hivyo daima. Nchi inayoweza kumtuma kijana wake afe mbali huwa na deni moja lisilopungua kwa miaka: kumrudisha, au walau kusema amelala wapi. Kumlipa aliyekufa mwaka 2017 na kumkopa aliyekufa mwaka 1917 ni kuifanya heshima hiyo itegemee nani alikuwa anatawala siku mtu alipokufa.

Masasi si ngeni kwa kaburi la kitaifa. Mwezi Julai 2020 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alizikwa Lupaso, wilayani humo, na taifa zima lilijua njia ya kufika. Wanaoweza kuanza kazi hii wako karibu: halmashauri za Masasi na Newala, shule za sekondari zenye walimu wa historia, kanisa na misikiti yenye daftari na wazee, na vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, vinavyowafikia wakulima hadi vijijini. Hatua ya kwanza haihitaji saruji. Inahitaji daftari, kalamu, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetumwa kumuuliza bibi yake jina alilonalo amelirithi kwa nani, na huyo wa kwanza alifia wapi. Ahadi ile ya sanamu ya Mtaa wa Samora haisemi kwamba serikali italikumbuka jina la aliyekufa. Inasema ni wanawe. Wapo, wanaishi Chiwata, Kitangari na Newala, na kazi ni yao.